Programu huria: Toleo jipya litoke haraka kiasi gani?

KILA mwisho wa mwezi, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya vya Mkoa wa Njombe hufunga hesabu zao: wajawazito wangapi wamehudhuria kliniki, watoto wangapi wamechanjwa, wagonjwa wangapi wametibiwa nimonia au malaria. Takwimu hizo huanzia katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na huishia katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, ambao Tanzania iliueneza nchi nzima mwaka 2013. Mtumishi anayeingiza takwimu hizo katika Halmashauri ya Mji wa Makambako hahitaji kujua nani ameutengeneza. Siku akiufungua na kukuta kitufe alichokizoea kimehamishwa, hapo ndipo hukutana, pengine bila kujua, na mjadala ambao umewagawa watengenezaji wa programu huria duniani kwa zaidi ya miaka 20: toleo jipya litoke haraka kiasi gani, na nani aseme kwamba liko tayari?

DHIS2 ni programu huria. Maana yake ni kwamba msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bila kulipia leseni. Kiini chake hutengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa washirika wa siku nyingi wa kazi hiyo. Kwa Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, mifumo ya namna hii si jambo la kitaalamu tu. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022/23 uliuweka mkoa huu mbele ya mikoa yote kwa kiwango cha maambukizi miongoni mwa watu wazima, asilimia 12.7. Mahali penye wagonjwa wengi wanaohitaji dawa kila siku ya maisha yao, mfumo wa takwimu au wa kuagiza dawa ukiyumba kwa wiki mbili, kuna mtu ataondoka dirishani mikono mitupu.

Kura hupigwaje

Kwa kawaida programu haimaliziki kuandikwa. Kila siku mtu huongeza kitu, mwingine huondoa kasoro. Toleo ni pale watengenezaji wanapochora mstari na kusema: hiki hapa, kipewe namba, watu wakichukue. Katika miradi mingine mstari huo huchorwa na mtu mmoja. Kiini cha Linux, kwa mfano, hutolewa kwa uamuzi wa mwanzilishi wake, Linus Torvalds, takriban kila baada ya wiki tisa au kumi, na hakuna kura inayopigwa. Mingine hufuata kalenda: Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hutoka kila Aprili na Oktoba. Ni mara moja tu kalenda hiyo ilipovunjwa waziwazi. Mwaka 2006 toleo la Aprili lilisogezwa kwa wiki sita ili likamilishwe vizuri, na ndiyo maana hadi leo linaitwa 6.06 badala ya 6.04.

Utaratibu wa kura unajulikana zaidi kupitia Apache Software Foundation, taasisi ya Marekani inayolea mamia ya miradi. Huko msimamizi wa toleo huandaa toleo pendekezwa, huliweka hadharani likiwa na sahihi yake ya kidijiti, kisha huitisha kura. Anayekubali huandika +1, anayepinga -1, asiye na msimamo 0. Ili toleo lipite, zinahitajika kura zisizopungua tatu za +1 kutoka kwa wajumbe wa kamati ya mradi, na zinazokubali ziwe nyingi kuliko zinazopinga. Mtu yeyote anaweza kupiga kura, lakini za wajumbe ndizo zinazofunga uamuzi. Hakuna mwenye turufu ya kulizuia toleo peke yake. Aidha, kura huachwa wazi kwa saa 72 kwa kawaida, na +1 si salamu ya heshima: anayeiandika anatarajiwa awe ameupakua msimbo, ameikagua sahihi na leseni, na ameijenga programu kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kasoro kubwa ikionekana, kura hufutwa, toleo pendekezwa la pili huandaliwa, na saa huanza kuhesabiwa upya.

Saa 72 zilichaguliwa kwa kuwa wanaojitolea wametawanyika duniani, na wengi wao hufanya kazi hiyo baada ya ajira zao. Hata hivyo, siku tatu za kwenye karatasi si siku tatu za kila mahali. Msimamizi aliyeko California akifungua kura saa 11 jioni ya Ijumaa, katika majira ya joto ya huko, Njombe ni saa 9 usiku wa kuamkia Jumamosi. Kura itafungwa saa 9 usiku wa kuamkia Jumanne. Fundi wa kompyuta wa halmashauri anayetaka kulijaribu toleo hilo kabla halijawa rasmi amebakiwa na siku moja tu ya kazi, Jumatatu, ambayo ofisi nyingi hapa nchini huitumia kwa vikao.

Haraka yenye sababu, na haraka isiyo nayo

Wapo wanaosema hata saa 72 ni anasa. Hoja yao ina uzito pale kasoro inapokuwa ya usalama. Novemba 24, 2021 mtaalamu wa kampuni ya Alibaba Cloud aliwaarifu watunzaji wa Log4j, programu ndogo ya Apache iliyomo ndani ya mifumo isiyohesabika duniani, kwamba mtu wa mbali anaweza kuitumia kuiteka kompyuta. Habari ilipovuja hadharani Desemba 9, hapakuwa na nafasi ya kusubiri siku tatu. Toleo la 2.15.0 lilitoka Desemba 10. Ikaonekana halijaziba pengo lote. Desemba 13 likatoka 2.16.0, na Desemba 18 likafuata 2.17.0 kwa kasoro nyingine.

Matoleo matatu kwa siku tisa yaliwachosha mafundi wa kompyuta kila mahali, na wengi walinung'unika. Mwandishi wa makala haya haoni kosa kubwa hapo. Nyumba ikiungua, ndoo ya kwanza hairudishwi kisimani kwa sababu haikujaa. Kirekebisho pungufu kilichotoka Ijumaa kiliwafunga wavamizi wengi kuliko kirekebisho kamili ambacho kingetoka Jumatano iliyofuata, ilimradi watunzaji waliendelea kusema wazi ni kipi bado hakijatibiwa.

Lakini kasi ya kupiga kura ni nusu tu ya safari. Machi 7, 2017 mradi mwingine wa Apache, Struts, ulitoa kirekebisho cha kasoro nzito. Equifax, kampuni ya Marekani inayohifadhi taarifa za mikopo za watu, haikukiweka. Wavamizi waliingia Mei, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikaibwa. Watengenezaji walikuwa wamemaliza kazi yao miezi miwili kabla. Kilichochelewa ni mkono wa kupokea. Kampuni tajiri yenye idara nzima ya kompyuta iliposhindwa kuipokea kasi hiyo, ni busara kujiuliza halmashauri yenye fundi mmoja au wawili inategemewa iweze nini.

Upo pia ushahidi kwamba haraka inaweza kugeuzwa silaha. XZ Utils ni programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja aliyejitolea. Mwaka 2022 watu wasiofahamika walianza kumwandikia wakilalamika kwamba matoleo yanachelewa na kwamba anapaswa kumwachia mwingine. Msaidizi aliyejitokeza wakati huo, kwa jina la Jia Tan, alipewa dhamana hatua kwa hatua. Februari na Machi 2024 yalitoka matoleo mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yakiwa yamefichwa mlango wa nyuma wa kuingilia kwenye seva. Yalinaswa Machi 29 na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta yake kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Waliokuwa wameyapokea ni hasa watumiaji wa matoleo ya majaribio, wapenda vipya. Debian ile imara, ambayo mara nyingi huchekwa kwa uzee wa programu zake, haikuguswa.

Subira nayo ina gharama

Msomaji asidhani basi kwamba kukawia ni usalama. Kisa cha OpenOffice kinatuhusu kwa karibu, kwa kuwa ndiyo programu ya ofisi iliyotangulia kuzungumza Kiswahili. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya toleo la 1.1. Wafasiri walilazimika kwanza kukubaliana istilahi, kisha kuyapitia maelfu ya maneno ya menyu na maonyo. Oktoba 2005, miezi kumi tu baadaye, mradi mama ulitoa OpenOffice 2.0 iliyobadilika mno. Hakuna aliyekosea. Programu ilihitaji kukua, nao wafasiri walihitaji muda. Ila kwa lugha zisizo na jeshi la wafasiri wa kulipwa, kila toleo kubwa ni kilima kipya. Ndiyo maana miradi yenye uzoefu, kama GNOME, huwa na kipindi kabla ya kila toleo ambapo ni marufuku kubadilisha maneno yanayoonekana kwa mtumiaji, ili mfasiri wa Kiswahili au Kihausa aweze kuwafikia wenzake.

Miaka iliyofuata programu hiyo ikaonyesha upande wa pili. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya watengenezaji walijitenga na kuanzisha LibreOffice, ambayo tangu mwanzo ilishika mwendo wa matoleo makubwa mawili kwa mwaka. OpenOffice yenyewe ilikabidhiwa Apache mwaka 2011. Toleo lake la 4.1 lilitoka Aprili 2014, na kwa zaidi ya miaka kumi yaliyofuata yote yaliendelea kubeba namba hiyohiyo ya 4.1 yakiongezwa tarakimu ya mwisho. Mwaka 2016 kasoro ya usalama ilitangazwa Julai, na toleo kamili lenye tiba, 4.1.3, likaja Oktoba. Septemba ya mwaka huo mwenyekiti wa kamati yake alilazimika kuanzisha mjadala wa wazi: je, mradi ufungwe? Kanuni ya saa 72 haikuwa na lawama hapo. Kura inaweza kumalizika kwa siku tatu, lakini kama hakuna watu wa kutosha wa kuliandaa na kulijenga toleo, hakuna cha kupigia kura. Mwenye steshenari ya kuchapa barua jirani na stendi ya Makambako, akiwa bado na OpenOffice ya zamani kwa sababu ndiyo aliyowekewa na fundi siku ya kwanza, hufungua mafaili ya wateja kwenye programu ambayo wengi wa watengenezaji wake walihama zamani.

Yaliyotokea kwenye mifumo yetu

Turudi kwenye afya, ambako mambo ni mazito zaidi. Kiini cha DHIS2 hakitolewi kwa kura ya namna ya Apache. Timu ya Oslo ndiyo huamua, ikisikiliza nchi zinazoutumia mfumo. Katikati ya muongo wa 2010 matoleo makuu yalikuja takriban kila baada ya miezi mitatu au minne. Baadaye yakawa mawili kwa mwaka. Toleo la 40 lilitoka mwaka 2023, la 41 mwaka 2024, la 42 mwaka 2025, yaani moja kwa mwaka, huku matoleo matatu ya karibuni yakiendelea kupewa marekebisho. Sehemu ndogo ndogo za mfumo zinaweza kusasishwa zenyewe bila kungoja toleo kuu.

Mwendo huo wa kupunguza kasi unaelezeka kwa mtu yeyote aliyewahi kuandaa semina ya watumishi mkoani. Mfumo wa kitaifa umewekwa kwenye seva kuu, hivyo mtumishi wa Makambako hawekewi kitu kwenye kompyuta yake. Siku seva ikisasishwa, naye huamka amesasishwa. Kabla ya siku hiyo wataalamu wa wizara wanapaswa kujaribu toleo na fomu zote za MTUHA, kuhakikisha hesabu za miaka ya nyuma zinatoka vilevile, kurekebisha ripoti zilizotengenezewa hapa nchini, na kuandika maelekezo mapya. Matoleo manne kwa mwaka yalimaanisha kwamba kabla kazi hiyo haijakamilika, jingine limeshabisha hodi. Nchi nyingi zikawa zinaruka: zinachukua moja, zinaacha mawili. Toleo ambalo watumiaji wake wakuu wanaliruka limetoka kwa jina tu.

Mfumo wa eLMIS, ambao vituo hutumia kuomba dawa na vifaa kutoka Bohari ya Dawa (MSD), ulionja tatizo la aina nyingine. Ulijengwa juu ya programu huria ya OpenLMIS na kuanza kutumika nchini mwaka 2013, Zambia nayo ikitumia msimbo uleule. Mahitaji ya nchi hizi mbili hayakusubiri. Vipengele viliongezwa kwenye tawi lao, nao mradi mama ukaendelea na njia yake. Mwaka 2017 OpenLMIS ilipotoa toleo la 3, lililojengwa upya tangu msingi, tawi la huku lilikuwa limekwenda mbali kiasi kwamba kuunganisha tena si kazi ya wiki wala mwezi. Kila upande ulipata ulichokihitaji kwa wakati wake, lakini marekebisho yanayofanywa upande mmoja hayafiki upande wa pili bila mtu kuyaandika upya. Gharama hiyo haionekani kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza.

Kwa maoni ya mwandishi, basi, swali la siku ngapi za kura limekuzwa kupita kiasi. Saa 72 zatosha kwa toleo dogo la marekebisho, maana kinachokaguliwa ni kichache. Kwa kasoro ya usalama inayotumiwa na wavamizi tayari, hata saa 12 ni halali. Kwa toleo kubwa, kura ya siku tatu haina maana kama halikutanguliwa na wiki kadhaa za majaribio ya wazi, tena yasiyoangukia siku za kufunga hesabu za mwezi. Kuchanganya aina hizi tatu ndiko kunakoleta mateso: kasoro ya hatari hutibiwa ndani ya toleo lililojaa mapambo mapya, na fundi wa Njombe hulazimika kuchagua kati ya kubaki na tundu au kuwafundisha watumishi upya katikati ya mwezi.

Lipo jambo moja linalofanywa na OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano kwenye intaneti, ambalo lingefaa kuigwa zaidi. Baada ya fedheha ya Aprili 2014, wakati kasoro iliyoitwa Heartbleed ilipogunduliwa ikiwa imekaa ndani ya matoleo yake kwa miaka miwili, mradi ulijiwekea utaratibu mkali zaidi. Kasoro nzito sasa hutangaziwa tarehe ya tiba siku chache mapema, bila kueleza kasoro yenyewe. Oktoba 25, 2022 ulimwengu uliambiwa kwamba toleo la 3.0.7 litatoka Novemba 1. Wiki nzima ya kujiandaa: kuhifadhi nakala za data, kuhakikisha kuna umeme na intaneti, kumzuia mhusika asisafiri.

Kwa Tanzania tahadhari hiyo si ya bure. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Kwa siku kadhaa intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Kirekebisho cha dharura ambacho kingetangazwa siku ile, hata kama kingepigiwa kura kwa saa moja, kingefika Njombe baada ya wavamizi kufika.

Anayetaka sauti ya mkoa isikike anaweza kuingilia mapema kuliko siku ya kura. Watengenezaji wa DHIS2 huweka kwenye intaneti seva za majaribio zenye toleo linaloandaliwa, na mtu yeyote anaweza kuingia na kulijaribu bila kibali cha wizara. Kinachohitajika ni muda wa kukaa na kazi za kila mwezi, kuzipitia hatua kwa hatua kama zinavyofanyika kituoni, na kuandika kwa usahihi: nilibonyeza hapa, nilitarajia hiki, nilipata kile, kwa kompyuta ya aina hii na intaneti ya kasi hii. Ripoti ya namna hiyo ikifika wiki sita kabla ya toleo hurekebishwa kimya kimya. Ikifika siku moja baada ya toleo, husubiri foleni pamoja na nyingine zote.